Kuimaliza Hadithi ya Mchezo

Wasomaji wetu wamezoea kuona katika kurasa hizi maneno juu ya vitabu vilivyokwisha kupigwa chapa. Mwezi huu twaomba ruhusa kusema juu ya kitabu ambacho hakijapigwa chapa, wala hakijakwisha kuandikwa. Ni madaftari manne ya kijana mmoja wa hapa Ihembe, katika Karagwe, ambaye jina lake hatulitaji, maana ndivyo alivyotaka. Ametuletea madaftari yake pamoja na swali moja tu: Nitaimalizaje? Twaliona swali hili kuwa kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe, ndiyo sababu twalijibu mbele ya watu wote.

Hadithi yenyewe imetoka katika mchezo wa kompyuta uitwao Crusader Kings, uliotungwa na watu wa Stockholm, katika nchi ya Uswidi. Toleo lake la tatu, ambalo ndilo alilolicheza kijana wetu, lilitoka mwaka 2020. Mchezaji hupewa mtawala mmoja wa Zama za Kati, mkubwa au mdogo. Naye humwoza, humpeleka vitani, humtungia hila. Na mtawala akifa, mchezaji huendelea na mrithi wake, kisha na mrithi wa mrithi, hata ufike mwaka 1453, ambao ndio mpaka uliowekwa. Ukoo ukiishiwa na warithi kabla ya hapo, basi, mchezo umekwisha siku hiyo hiyo. Kijana wetu alianza na Murchad, mfalme mdogo wa Munster katika Ayalandi, mwaka 1066, ambaye mchezo huwapa wale wanaoanza kujifunza. Yote yaliyompata aliyaandika kama tarehe ya kweli ya ufalme, kwa lugha yenye heshima nyingi, na heshima hiyo ndiyo ichekeshayo.

Madaftari mawili ya kwanza ni mema sana, nasi hatusemi hivyo kwa kumpendeza mtu. Murchad atunga hila ya kumwua jirani yake. Hila yafichuka, na wa kwanza kupata habari ni jirani mwenyewe, naye wakati huo yuko mezani kwa Murchad, anakula. Mwana mmoja wa Murchad hajui hesabu, naye ndiye awekwaye kuitunza hazina, kwa kuwa baba hana mwingine amwaminiye. Lakini lililo bora ni habari ya urithi. Katika mchezo huu, kwa watawala wa miaka ile ya mwanzo, nchi haiendi kwa mwana mmoja. Hugawanywa kwa wana wote. Mfalme hukusanya shamba kwa shamba miaka thelathini, kisha akifa, yote hukatwa vipande, na mrithi huanza upya, tena sasa majirani anaopaswa kupigana nao ni ndugu zake wa tumbo moja.

Twasikia ya kuwa kijana huyu alipoyasoma hayo jioni mbele ya jirani zake, wazee walicheka hata wakajifuta machozi. Si ajabu. Ni nani katika Karagwe asiyejua maana ya kibanja kimoja cha migomba na wana watano? Walimcheka Murchad, na huku wakijua wamcheka nani.

Daftari la tatu lasimulia jinsi mjukuu wa Murchad alivyoupata ufalme wa Ayalandi yote. Na la nne, kusema kweli, lachosha. Humo mfalme ashinda, kisha ashinda tena. Wana waliozidi wanyimwa urithi mapema ili nchi isigawanyike. Hila zote zafanikiwa. Hata Uskoti yaingia mkononi kwa kurasa sita tu. Wasikilizaji walianza kupungua, mmoja kwa kisingizio cha mvua, mwingine kwa kisingizio cha ng'ombe, na mwandishi akaweka kalamu chini. Lakini watu hawakumsahau Murchad na ukoo wake. Mpaka sasa wamwuliza njiani, "Mwenzetu, yule wa hazina aliishia wapi?" naye, kama alivyotuambia, siku hizi hupitia njia ya nyuma ili asiulizwe. Hadithi iliyoanzwa mbele ya watu ni deni, na mdeni huyu analijua deni lake.

Tulipomhoji, alikiri jambo moja ambalo kwetu ndilo shina la ugonjwa. Mchezo huu waweza kuwekwa akiba: mchezaji ahifadhi hali ya ufalme wake, na kesho akishindwa vitani, aurudie mwaka uliopita kana kwamba vita havikupiganwa. Katika madaftari mawili ya kwanza hakufanya hivyo, maana hakujua namna yake. Tangu daftari la tatu alijua. Basi kila aliposhindwa alirudi nyuma, akaufuta ushinde, akaandika ushindi. Hatumlaumu kwa kucheza hivyo, maana mchezo ni wake. Lakini alichokuwa akikifuta ndicho kilichokuwa chakula cha wasikilizaji. Hila ya Murchad ingalifutwa vivyo hivyo kama angalijua, nasi tungalikosa ile karamu.

Sasa aona njia mbili za kumaliza. Ya kwanza ni kucheza hata mwaka 1453, kisha aandike ya kuwa ufalme ulidumu. Ya pili ni kuuangamiza ukoo wote kwa makusudi. Zote mbili twazikataa. Mwaka 1453 ni mwisho wa kalenda. Haumhusu Murchad wala yule wa hazina, na msikilizaji ataambiwa "imekwisha" kama abiria ashushwaye katikati ya njia. Na kuwaua wote ni kumaliza kwa ghadhabu, kama mtoto aangushaye ubao wa bao kwa kuwa amechoka kucheza.

Kazi hii ya kufanya hadithi ya kuchekesha kutoka katika mchezo wa vita si mpya, nasi tutazame waliotangulia. Walitumia sataranji, mchezo uliotoka Bara Hindi ukapita Uajemi na Uarabuni, ukawa burudani kuu ya mabwana wa Ulaya katika Zama za Kati. Mwezi wa Agosti 1624, katika jumba la Globe mjini London, ulionyeshwa mchezo wa kuigiza wa Thomas Middleton uitwao A Game at Chess. Upande mweupe ulikuwa Waingereza, mweusi Wahispania, na watu walijaa kwa siku tisa, hata balozi wa Hispania akapeleka malalamiko kwa mfalme, na mchezo ukafungwa. Mwisho wake wachukuliwa katika desturi ya sataranji yenyewe: mfalme mweusi akiisha kukamatwa, yeye na watu wake watiwa mfukoni, kama vile vipande vya mchezo vitiwavyo, na humo mfukoni wabanana wakigombea nafasi. Ni mwisho wa akili, maana umetoka ndani ya mchezo, haukuletwa kutoka nje. Lakini kicheko chake ni cha upande mmoja. Aliye mfukoni ni adui tu, na weupe wasimama nje wakiwa safi hata mwisho, nasi twaona safi hiyo yapooza kidogo.

Lewis Carroll alifanya vizuri zaidi. Watu wengi wa kwetu wamjua kwa kitabu cha Elisi Katika Nchi ya Ajabu, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1940. Lakini kitabu chake cha pili juu ya Elisi, kilichotoka mwisho wa mwaka 1871, ni mchezo wa sataranji tangu mwanzo hata mwisho, na hatua zake zimepigwa chapa katika kurasa za mbele. Elisi ni askari wa miguu, apita nyumba moja moja hata ya nane, awa malkia. Tazameni sasa afanyavyo mwandishi. Hamwachi akae katika kiti cha enzi. Amwandalia karamu ya heshima, na karamu yaharibika yote: vyakula vyasema, vyombo vyaruka, wageni walala ndani ya sahani. Elisi amkamata Malkia Mwekundu na kumtikisa, na katika mikono yake malkia awa paka mdogo. Kwa hatua hiyo hiyo ameushinda upande wa pili, na mfalme aliyeshindwa alikuwa amelala usingizi mchezo mzima, hata habari hana! Ushindi upo, na sheria za mchezo zimetimia, lakini ushindi wenyewe ndio uchekeshao.

Tena hatuna haja ya kuvuka bahari. Mwisho wa mwaka 1861 Speke, msafiri Mwingereza, alifika Bweranyange kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe hii hii, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliandika jinsi Rumanyika alivyomwambia habari za kutawazwa kwake. Yeye na ndugu zake wawili waliwekewa ngoma ndogo yenye dawa. Ndugu wakajitahidi bure kuiinua, Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Kisha kulikuwa na jaribu jingine: ateuliwaye huketi chini mahali fulani, na ardhi humwinua juu hata mbinguni, akiwa ndiye, hushushwa polepole, asipokuwa ndiye, kilima huporomoka naye huvunjikavunjika. Speke, kwa utani, akamwuliza kama huko juu kulikuwa na baridi. Rumanyika akasema ndiyo, ilikuwako, naye akacheka.

Haya ni masimulizi ya mgeni, tena mgeni mwenye kiburi katika mengi, lakini hapa twamshukuru. Mfalme ameshinda ndugu zake, amepandishwa hata mbinguni, na jambo la mwisho asemalo ni kwamba kulikuwa na baridi. Enzi yake haikupungua kwa jibu hilo. Ila sisi tusomao twamwona mtu.

Basi twarudi kwa kijana wetu, na jibu letu ni hili. Mwisho anaoutafuta amekwisha kuuandika, akapita bila kuuona. Uko katika kurasa za mwisho za daftari la tatu. Mjukuu wa Murchad, akiisha kuwa mfalme wa Ayalandi yote, afanya karamu, na awaalika ndugu zake aliowanyang'anya mashamba. Nao waja, wala, waomba nyama tena. Mwishoni kabisa mwa meza ameketi ami yake, yule yule asiyejua hesabu, ambaye sasa ni mzee na bado ana funguo za hazina. Mzee ainuka mbele ya wageni wote, auliza chakula hiki kitalipwa na nani. Mwandishi, kwa haraka ya kwenda Uskoti, amwacha mzee amesimama bila jibu, na ukurasa unaofuata ni vita.

Vita hivyo viondolewe. Mfalme na amjibu mzee, kwa maneno machache, naye mzee aketi. Jibu lenyewe hatutamtungia, maana yeye ndiye amjuaye mfalme wake; ila tunamwomba alisome kwanza mbele ya wale wamwulizao njiani, kabla ya kutuletea sisi. Daftari la nne na alitunze sandukuni. Huenda humo mna hadithi nyingine, lakini si ya kuchekesha.