Wamempa Josephine, wamemnyima mdomo

Woody Allen alichemsha. Mliotazama Midnight in Paris ya 2011 mnaikumbuka ile sehemu ya klabu ya Bricktop's: mhusika mkuu Gil kashavushwa hadi Paris ya miaka ya 1920, Fitzgerald na Zelda wamemkokota, na mbele yake anacheza Josephine Baker. Anayemwigiza ni Sonia Rolland, mzaliwa wa Kigali. Anacheza, Gil anakodoa macho, halafu hadithi inaondoka zake kumfuata Hemingway. Imeisha hiyo! Hajafungua mdomo.

Sasa tazama wenzake. Hemingway kapewa mahubiri mazima. Dalí wa Adrien Brody kapewa vifaru wake, anawarudia mpaka tunavunjika mbavu. Hata Carla Bruni, mwanamuziki ambaye wakati huo alikuwa mke wa rais wa Ufaransa, kaachiwa mazungumzo kamili kwenye makumbusho ya Rodin. Rolland, aliyeibeba tamthilia ya Léa Parker kwenye M6 tangu 2004, kaambiwa akate kiuno. Na wimbo anaouchezea, La Conga Blicoti, Josephine aliurekodi 1936. Kofia za enzi zile walizihangaikia, santuri hapana.

Msinijibu kwamba shida ni kimya. Kimya kina mafundi wake. Katika Maangamizi ya 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba ni Samehe, mgonjwa ambaye hajasema kwa miaka 20. Daktari Asira ndiye anayezungumza, ila jicho la mtazamaji haliondoki kwa Samehe, kwa sababu filamu imeacha nafasi ya kumsubiri. Kimya kile kina historia na kina deni. Wale wakalimani wa mabanda ya video huku Mtawanya, wanaojaza maneno kila mwigizaji anapovuta pumzi, wangeiua filamu ile ndani ya dakika tano. Hilo nimelisema sana na nitalisema tena. Kimya cha Bricktop's hakina deni lolote. Ni pambo la ukutani.

Na Josephine mwenyewe? Kwenye Zouzou ya 1934 na Princesse Tam-Tam ya 1935, pamoja na ukoloni wote uliojaa mle, hadithi ilimzunguka yeye, akasema, akaimba, akacheza. Miaka zaidi ya 70 baadaye tukarudishiwa kiuno peke yake.

Uwezo Rolland alikuwa nao. Raoul Peck alimpa nafasi ya Michaëlle, mke wa rais, katika Moloch Tropical ya 2009, akaimudu. Kamanda wake Sainte-Rose wa Tropiques criminels, tangu 2019 kwenye France 2, ni kazi safi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kosa hili limo ndani ya skripti iliyopewa Oscar ya uandishi. Gil ni Mmarekani anayetaka kuhama kwao abaki Paris, hilo ndilo swali la filamu nzima. Ndani ya klabu ile yupo binti wa St. Louis, aliyeingia Paris 1925 na ambaye 1937 atachukua uraia wa Ufaransa. Sentensi moja mezani kwa Gil ingetosha. Mwandishi kamtuma kwa Hemingway, ambaye Paris aliihama mwaka 1928.