Nani kamwambia ang'oe?

Mtangazaji wa kipindi kimoja cha bustani cha runinga ameung'oa mnafu. Mliotazama mliona: wiki ya tano tangu ahamishe miche, mashina yamenenepa, vichipukizi vya pembeni ndiyo kwanza vinachungulia, naye akashika shina kwa chini, akavuta, akakung'uta udongo na kuichekea kamera. Tuta zima likaenda hivyo.

Kitalu kilikuwa safi, samadi imeiva, matandazo ya kutosha. Hapo sina neno.

Lakini alipanda kwa nafasi ya sentimita 30! Nafasi hiyo huachwa ili mmea ukatwe, utanuke, ukatwe tena. Tuta lake la mita 1 kwa 3 lilibeba miche 30 hivi. Angekata sentimita 15 kutoka ardhini, akabakiza macho mawili matatu, angerudi na kisu kila baada ya wiki moja au mbili, kwa miezi. Kama nia ilikuwa kung'oa, angesia kwa kutawanya, miche ibanane kama mchicha, ang'oe mapema apande kingine. Wauzaji wa sokoni hung'oa, na wana haki, maana mboga yenye mizizi hainyauki upesi. Huyu hauzi. Kachanganya mifumo miwili, kakosa faida za yote miwili.

Akajitetea kwamba mnafu ukitoa maua umezeeka. Maua si yanabanduliwa kwa kucha? Kina mama wa vihambani kule Machame walipita wakichuma ncha na maua kwa mkono mmoja, mmea ukazidi kutoa majani, na hakuna aliyewapa cheti cha ubwana shamba. Kizazi hiki cha busta, yaani mbolea za kunyunyizia majani, kikiona mmea umepunguza kasi, ama kinanyunyizia kitu ama kinang'oa. Konzi ya samadi na maji vingetosha.

Na mbegu je? Ilikuwa Nduruma, aina iliyoidhinishwa Tanzania mwaka 2011, wala si chotara. Angeacha mashina mawili yazae, vitunda viive, avikamue, aoshe mbegu na kuzianika kivulini, angekuwa na za msimu ujao na za kumgawia jirani. Yeye kafunga kipindi kwa kutuelekeza dukani tukanunue pakiti nyingine.