Hatari!: Rangi Iliyoua Kicheko

Ubishi juu ya Hatari! ya Howard Hawks hauishi huku Moshi. Wapo wanaoipenda kwa mbio za kifaru na vituko vya ndama wa tembo. Wapo wanaosema dakika 157 ni nyingi mno kwa filamu isiyo na kisa. Mimi naona pande zote mbili zimeliruka kosa lenyewe. Urefu haukuiangusha filamu hii. Iliangushwa na uamuzi mmoja: kumpaka mpiga picha Dallas rangi nyeusi siku Waarusha wanapompa jina la Mama Tembo.

Mnakumbuka utani wenyewe ulivyojengwa, na ulijengwa vizuri. Dallas, mpiga picha aliyetumwa na bustani ya wanyama ya Basel, anafika kwenye kambi ya wakamata wanyama huko Momella, Arusha, wanaume wanakuta ni mwanamke, hawamtaki. Kisha anamwokoa ndama yatima ambaye Sean Mercer, yaani stelingi wetu John Wayne, alikuwa tayari kumpiga risasi. Maziwa hakuna. Mabingwa wa kukamata kifaru wanageuka wakamuaji wa mbuzi. Ndama wanaongezeka, wanafika watatu, na kambi ya wawindaji inakuwa familia mbele ya macho yetu. Kilele cha haki cha kisa hicho ni heshima tunayoijua sote, ya mwanamke kuitwa kwa mwana aliyemlea. Hawks alikuwa na mpira mguuni na lango liko wazi.

Akapiga nje. Dallas anatolewa akiwa amepakwa weusi, na kazi yote ya kuchekesha inakabidhiwa rangi. Utani uliohusu mwanamke asiyejua kulea hadi akajua, ghafla unahusu ngozi. Waarusha wanaompa heshima hiyo hawana majina, hawana wanachokitaka, hawana mzaha wao wenyewe. Wameletwa wapambe tukio, basi.

Hata tukiliweka kando suala la heshima, kiufundi hilo ni kosa. Komedi ni ya watu wawili: mmoja anachokoza, mwingine anajibu. Ukimnyima wa pili neno lake na picha ya karibu ya uso wake, wa kwanza anabaki akihangaika peke yake. Tukio lile lilihitaji mama mmoja wa Kiarusha, mwenye jina na ulimi mkali, amkague huyu mgeni anayewanywesha tembo maziwa ya mbuzi na kumuuliza maswali ambayo mama mkwe yeyote angeuliza. Dakika mbili tu, kamera ikitulia kwenye nyuso mbili. Mtazamaji wa Moshi na wa Chicago wangecheka pamoja, tena kwa sababu ileile.

Na Hawks alijua. Mwaka 1938 alitoa Bringing Up Baby, filamu nyingine ya vituko vya mnyama, chui yumo ndani, na humo hata askari wa mji mdogo ana kichekesho chake na anajibizana na stelingi. Kwa hiyo huku kwetu hakushindwa kuwaweka wenyeji wanaojibu. Hakuona haja. Hilo ndilo nisiloweza kulisamehe.

Nitaambiwa zama zilikuwa zile. Sikubali. Picha zilichukuliwa mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, na filamu ilipotoka mwaka 1962 Tanganyika ilikuwa imekwisha kujitawala tangu 9 Desemba 1961. Mwaka huohuo wa 1962 Waziri Mkuu wetu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, yuleyule aliyekuwa stelingi wa filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo karibu miaka kumi kabla ya Dallas kupakwa rangi, Mtanganyika alikwishabeba filamu ya kuchekesha mabegani mwake, kwa Kiswahili. Waigizaji walikuwepo. Hakuna aliyewauliza.

Ndiyo maana sichoki kuwarudia wakongwe wetu wa vichekesho. Mtazameni Amri Athumani, King Majuto, hata kwenye kanda ya bei nafuu kuliko zote: akimchokoza mwenzake, ananyamaza, anageuza uso, anamwachia nafasi ya kujibu, na kicheko kinatoka kwenye jibu. Mzee Small naye alikuwa hivyo. Bajeti ya Paramount haikununua kipawa hicho.

Hata hivyo, mbio za kukamata wanyama katika Hatari! ni kazi safi: waigizaji wenyewe, wanyama wa kweli, na Russell Harlan aliteuliwa kuwania Oscar kwa upigaji picha wake. Muziki wa Henry Mancini nao umedumu kwa haki.

Nimeshaandika na nitaandika tena: Kaskazini yetu imetumiwa kama pazia muda mrefu mno. The Snows of Kilimanjaro ya 1952 ilichukua jina la mlima, kisha Gregory Peck akafanya kazi yake kubwa studio, Hollywood. Hatari! angalau ilikuja, ikakaa, ikala vumbi la Momella, ambako siku ya anga jeupe Kibo inaonekana bila kutafutwa. Lakini kufika mahali si kuwasikiliza watu wake, na hapo ndipo Hawks na wale waliobaki studio wanapofanana.

Anayetaka leo kuja kupiga filamu ya familia ya kuchekesha Marangu, Machame au Rombo aje na muswada ambamo mwenyeji anajibu. Muuza mbege, konda, bibi wa kihamba, kila mmoja awe na anachokitaka na neno la kukidai. Hatari! itazameni kwa mbio zake. Tukio la Mama Tembo lioneshwe kwa wanafunzi wa uongozaji, kipande kwa kipande, wajue utani mzuri huvunjikia wapi.