Mafundi wa Ndani ya Mfupa

Ukifika Burma, soko la nyama lililo kando ya Jogoo Road, Eastlands, Nairobi, muombe muuzaji akukatie mfupa wa paja la ng'ombe karibu na goti. Kabla haujaingia kwenye sufuria ya supu, utazame. Ukuta wake wa nje umeshikana kabisa; msumeno huteleza kwanza ndipo uume. Ndani, karibu na kiungo, mambo ni mengine: vijiti vyembamba vimepishana na kuacha matundu yaliyojaa uboho. Hakuna kilichopotezwa. Uzito unapopita, vijiti vimekaribiana na kuelekea upande wa mzigo, usipopita, vimeachana. Mfupa wa binadamu umejengwa kwa mpango huohuo, na kinachonishangaza zaidi ni kwamba ujenzi wake hauishi.

Kila mwaka mtu mzima hubadilishiwa takriban asilimia 10 ya mifupa yake. Mama anayepanda ngazi za ploti kule Umoja, mtungi wa maji mkononi, ana maelfu ya sehemu ndogo ndani ya nyonga na mgongo zinazobomolewa na kujengwa upya wakati huohuo anapopanda, na hasikii chochote.

Anayebomoa huitwa osteoklasti. Yeye si wa ukoo wa mifupa hata kidogo: ni mzaliwa wa uboho, ndugu wa chembe nyeupe za damu. Chembe kadhaa huungana na kuwa moja kubwa yenye viini vingi. Hukaa juu ya mfupa, hubana kingo zake zote zisivuje, kisha humwaga asidi katika nafasi hiyo iliyozibwa. Asidi huyeyusha madini, na kimeng'enya kiitwacho katepsini K hukata kolajeni iliyobaki. Ule uzibaji wa kingo ndio ufundi wenyewe, kwa sababu bila huo asidi ingeunguza kila kilicho jirani. Wiki chache tu, shimo limekamilika, naye huondoka. Hapo wajenzi, osteoblasti, huja kwa wingi, hutandika protini tabaka kwa tabaka, na madini hufuata polepole. Kazi hiyo huchukua miezi mitatu au minne.

Kubomoa ni wiki, kujenga ni miezi. Mashimo yakiongezeka ghafla, wajenzi hubaki na deni wasiloweza kulilipa, na vijiti vile vyembamba huanza kukatika kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo osteoporosi.

Basi nani huamua shimo lichimbwe wapi, na lini? Jibu lilipatikana kupitia watu wa fani mbili waliokuwa wakitafuta vitu tofauti. Mwaka 1997 wataalamu wa kinga ya mwili, akiwemo Yongwon Choi, walieleza protini iliyokuwa ikitumiwa na seli T, zile chembe za kinga zinazoratibu mapambano dhidi ya maradhi. Mwaka 1998 watafiti wa mifupa, wakiwemo Wajapani wa kampuni ya maziwa ya Snow Brand, walitangaza kwamba wameipata protini inayoamuru osteoklasti zizaliwe. Ilikuwa protini ileile. Leo tunaiita RANKL. Wajenzi wa mfupa nao hutoa protini nyingine, OPG, inayoikamata amri hiyo kabla haijafika. Mwaka 1999 Josef Penninger na wenzake nchini Kanada wakaonyesha kwamba seli T zilizoamshwa zinaweza kutoa amri ya kubomoa zenyewe.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani kila homa ingetuyeyusha mifupa. Haitokei, na hapo ndipo heshima yangu kwa kazi hii inapozidi. Mwaka 2000 Hiroshi Takayanagi na wenzake walionyesha kwamba seli T hizohizo hutoa interferoni gama, inayokata mawasiliano ya RANKL ndani ya mbomoaji. Seli B, chembe nyingine za kinga, nazo huchangia OPG. Kinga hushika amri kwa mkono mmoja na breki kwa mkono wa pili.

Breki nyingine hutoka kwenye estrojeni. Hedhi ikikoma na homoni hiyo kushuka, seli T huongeza kutoa TNF, kemikali ya uvimbe inayoipa RANKL nguvu zaidi. Roberto Pacifici na wenzake nchini Marekani waliondoa ovari za panya waliozaliwa bila seli T, na panya hao hawakupoteza mfupa kama wenzao. Kwa hiyo shosho wa Jericho au Kaloleni ambaye mgongo unaanza kujikunja, au aliyejikwaa kidogo tu mlangoni na kifundo cha mkono kikavunjika, asiambiwe "ni uzee" na kurudishwa nyumbani. Ana ugonjwa wenye sababu zinazojulikana na wenye matibabu.

Eastlands ina nafasi yake katika elimu ya kinga, ingawa si kwa mifupa. Kliniki ya Majengo, Pumwani, imewafuatilia wanawake wanaouza ngono tangu mwaka 1985, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba. Baadhi yao walikutana na virusi vya UKIMWI mara nyingi bila kuambukizwa. Keith Fowke na wenzake walipochunguza damu yao walikuta seli T zilizotulia kuliko za wengine. Wanawake hao, waliojitolea damu yao mwaka baada ya mwaka, walisaidia dunia kuona kwamba utulivu wa kinga ni uwezo kamili.

Mfupa unasema jambo hilohilo. Mtu anayeishi na virusi ana kinga isiyolala, na mifupa yake hulipa. Akianza ARV, uzito wa mifupa hushuka asilimia 2 hadi 6 katika miaka miwili ya kwanza: sehemu kwa sababu ya tenofovir, mojawapo ya dawa hizo, sehemu kwa sababu seli T zinarudi kwa wingi na kutoa amri zao. Baadaye kasi hiyo hupungua. Dawa hizo zisiachwe kamwe kwa sababu hii. Kinachofaa ni kumuuliza daktari kuhusu mifupa, hasa ukiwa umevuka miaka 50.

Tangu mwaka 2010 kuna sindano inayoizuia RANKL, denosumab, inayochomwa kila baada ya miezi sita. Inafanya kazi vizuri sana, na inaadhibu vikali inapoachwa ghafla: mifupa ya mgongo inaweza kuvunjika mfululizo. Mwaka 2021 watafiti wa Sydney walitoa maelezo yanayowezekana. Osteoklasti ikimaliza kazi haifi lazima. Hugawanyika kuwa chembe ndogo zinazosafiri na kuungana tena kwingine. Dawa huzuia muungano huo, na chembe hurundikana zikisubiri. Kwa hiyo mgonjwa wa Kayole anayejilipia sindano mwenyewe aulize kabla ya ile ya kwanza: nikishindwa kulipia ya tatu, nitapewa dawa gani badala yake?