Mchujo wa Gusii Huamuliwa Kabla ya Sanduku

Michujo miwili iliyopita ya vyama vya Kenya iliangukia Aprili, na katika milima ya Kisii na Nyamira Aprili ni mwezi wa masika. Asubuhi jua huwaka vyema juu ya majani chai. Kufikia saa nane mawingu yamejikusanya kutoka upande wa ziwa, na saa tisa barabara za udongo mwekundu zimekuwa utelezi mtupu. Sanduku la kura lililotarajiwa kituoni saa kumi na mbili asubuhi likifika saa saba, limebakiwa na saa mbili za kazi ya maana. Mama aliyepanga foleni na kikapu chake cha kuchumia chai amekwisha kurudi nyumbani, maana ng'ombe hawangoji chama. Waliobaki ni vijana walioletwa kwa bodaboda na mwaniaji aliyeweza kununua petroli ya siku nzima.

Anayesikiliza matokeo jioni redioni ataambiwa kura zimepigwa na mshindi amepatikana. Ni kweli, ila sanduku husema mwisho. Kabla yake vimekwisha kusema vitu vitatu: daftari la wanachama, njia ya uteuzi na kalenda. Na Gusii, eneo hili la Kisii na Nyamira, ina cha nne chake yenyewe, nacho ni mpiga kura asiyejiona ana deni kwa chama chochote.

Vinyang'anyiro 84

Kisii ina maeneobunge tisa na wadi 45. Nyamira ina maeneobunge manne na wadi 20. Chama kinachotaka kusimamisha mtu kila mahali kinatafuta, katika kila kaunti, mgombea wa ugavana, wa useneta na wa uwakilishi wa wanawake, kisha mbunge kwa kila eneobunge na mwakilishi kwa kila wadi. Kisii peke yake ni vinyang'anyiro 57, Nyamira 27. Jumla 84, na vingi huweza kuangukia siku moja.

Karatasi za ugavana zinafanana kaunti nzima, lakini za wadi ni za aina 65. Bunda la wadi moja ya Bobasi likipakiwa kwenye gari linalokwenda Bonchari halina kazi tena, na kulirudisha ni safari nyingine hata barabara ikiwa kavu. Ndiyo maana upungufu wa karatasi huvuruga mchujo kuliko hata fujo. Aprili 21, 2017, chama cha Jubilee kililazimika kufuta mchujo wake katika kaunti nyingi siku iyo hiyo kwa sababu karatasi hazikutosha, kikaanza upya siku chache baadaye.

Kazi hii haifanywi na serikali. Sheria inakiruhusu chama kuiomba Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ikisaidie kuendesha mchujo, lakini vyama vikubwa vimezoea kutumia bodi zao za uchaguzi. Mwaka 2022 bodi ya ODM iliongozwa na Catherine Mumma na ya UDA na Anthony Mwaura. Bodi hizo hukusanya ada kutoka kwa wawaniaji, huajiri wasimamizi wa siku moja, huchapisha karatasi na hatimaye hutoa cheti. Msimamizi wa kituo mara nyingi ni kijana wa kijiji hichohicho, anayejulikana ni wa ukoo gani na mwaniaji gani ni jamaa yake. Hakuna mafunzo ya siku mbili yanayoweza kumfanya mgeni nyumbani kwao.

Daftari ni la aliyelijaza

Swali la kwanza la mchujo wowote duniani ni hili: nani ana haki ya kupiga kura? Marekani majimbo hujibu kila moja kivyake. Florida humfungia nje asiyejiandikisha kuwa mwanachama. Wisconsin haiwaandikishi wapiga kura kwa vyama, hivyo mtu huchagua mchujo wa kushiriki siku ya kura. Kenya ilikaa miaka mingi bila jibu. Kwenye karatasi mchujo ulikuwa wa wanachama, lakini kituoni ulikuwa wa yeyote mwenye kitambulisho na jina kwenye daftari la IEBC. Hata Jubilee, iliyokuwa imezindua kadi zake za kisasa mapema 2017, iliishia kwenye kitambulisho.

Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa, yaliyotiwa saini Januari 2022, yalijaribu kufunga mlango huo. Katika mchujo wa moja kwa moja, anayepiga kura ni mwanachama ambaye jina lake limo katika sajili iliyoidhinishwa na Msajili wa Vyama vya Siasa. Wazo ni zuri. Gusii, ambako ODM na UDA zote zina nguvu, daftari lililo wazi ni mwaliko kwa wapinzani kuja kukuchagulia mgombea dhaifu.

Lakini sajili nayo ina mwenyewe. Simama sokoni Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili, umtazame mzee akipiga *509# kwenye simu yake ya vibonyezo ili kujua yuko chama gani. Anaingiza nambari ya kitambulisho taratibu, akiirudia kwa sauti. Jibu likija, huenda likamtaja mwanachama wa chama ambacho hajawahi kuhudhuria hata mkutano wake mmoja. Si jambo geni: katikati ya mwaka 2021, mfumo wa kukagua uanachama mtandaoni ulipopata umaarufu, Wakenya wengi waligundua wameandikishwa bila kuulizwa.

Uanachama kwa kawaida hausubiri mtu aende ofisini. Unaletwa hadi mlangoni na vijana wenye madaftari, na vijana hao wana anayewalipa. Mwaniaji aliyeanza kuandikisha watu wake miezi minane kabla ya kura amekwisha kuamua nani atakuwa kwenye foleni. Mpinzani wake akija Aprili na mabango mazuri, anahubiri kwa watu ambao majina yao hayamo kitabuni. Kwa hiyo kuwafungia nje wasio wanachama hakukuondoa ujanja. Kuliusogeza nyuma, kutoka siku ya kura hadi miezi ya uandikishaji, ambako hakuna mawakala wala kamera.

Njia, na hesabu ya ukoo

Sheria hiyohiyo inakipa chama hiari. Kinaweza kuwaita wanachama wote, au kutumia njia isiyo ya moja kwa moja: wajumbe waliochaguliwa, mahojiano, na kadhalika. Juu ya hizo kuna mwafaka, ambapo wawaniaji hukalishwa chini mmoja akabaki, na kuna tiketi ya moja kwa moja anayokabidhiwa mtu kwa sababu kura za maoni zimesema hana mpinzani wa maana. Nani alifanya kura hizo za maoni na aliwahoji watu wangapi, wanachama huwa hawaambiwi.

Mwafaka unapendwa sana Gusii, na sababu yake ni hesabu. Majina mengi ya maeneobunge hapa ni majina ya koo: Bobasi, Bonchari, Nyaribari, Kitutu, Mugirango. Ndani ya kila moja kuna milango midogo zaidi. Mchujo hauna duru ya pili. Anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye mshindi. Sasa tuseme wadi moja ina wapiga kura 3,000 wa mchujo. Ukoo mkubwa una 1,800 na umetoa wawaniaji wanne, wakagawana 450 kila mmoja. Ukoo mdogo una 1,200 na umetoa mmoja. Huyo mmoja anachukua tiketi kwa asilimia 40, na ukoo mkubwa unakwenda nyumbani ukidai kuibiwa, ilhali umejiibia wenyewe. Wazee wanaoketi usiku kuwaomba watatu wajiondoe wanafanya hesabu hiyohiyo bila kalamu. Kasoro ni kwamba anayejiondoa hujiondoa kwa ahadi, na ahadi za usiku huo haziandikwi popote.

Wenye umri wanakumbuka njia nyingine. Februari 22, 1988, chama cha KANU kiliwapanga wanachama wake nyuma ya wawaniaji au mawakala wao: mlolongo. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa, asiende hata kwenye kura ya siri ya Machi 21. Mlolongo ulisifiwa kwamba hauna gharama na kila jicho linaona. Palepale kwenye foleni, hata hivyo, msimamizi aliweza kumtangaza mwenye foleni fupi. Jarida la Beyond la baraza la makanisa lilipoandika juu ya wizi huo, lilipigwa marufuku na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela. Na Simeon Nyachae, aliyekuwa ametoka kustaafu ukuu wa utumishi wa umma, hakupata hata nafasi ya kupangiwa foleni Nyaribari Chache: chama kilikataa kumwidhinisha. Hilo ndilo somo lililodumu kuliko mlolongo wenyewe. Mwenye kuamua nani aingie mchujoni hana haja ya kuhesabu waliokuja kupiga kura.

Kalenda ndiyo kufuli

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na wachache huutazama. Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema anayewania kama mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Chukua kalenda, hesabu kurudi nyuma.

Mwaka 2013 uchaguzi ulikuwa Machi 4. Vyama vikubwa vilifanya mchujo Januari 17, siku moja kabla ya makataa ya kukabidhi majina, makataa ambayo yalibidi yaongezwe kwa sababu ya vurugu. Miezi mitatu ilikuwa imekwisha kukatika mapema Desemba. Aliyeangushwa hakuwa na njia ya kuwa mgombea huru, na chama kingine alipaswa kukipata kwa saa chache. Mlango ulikuwa umefungwa kabla hajajua amefukuzwa nyumbani.

Mwaka 2022 uchaguzi ulikuwa Agosti 9, hivyo mlango ulifungwa Mei 9. Kalenda ya IEBC iliweka mchujo katikati ya Aprili. Aliyeshindwa alikuwa na takribani wiki tatu za kuchagua: akate rufaa ndani ya chama, kisha aende kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, au ajiuzulu awe huru. Jopo humtaka mlalamishi aonyeshe kwamba alijaribu kwanza taratibu za ndani ya chama, na taratibu hizo hula siku. Chama kinachotaka kumchosha mlalamishi hakihitaji kumshinda. Kinahitaji kuahirisha kikao mara mbili.

Tiketi isiyo na uzito

Hayo yote yangekuwa ya kutisha zaidi kama tiketi yenyewe ingekuwa ufunguo wa ushindi. Mwaka 2002 ilikuwa hivyo. Nyachae alipowania urais kwa Ford-People alikuwa wa tatu nchini, lakini chama chake kilipata viti 14 vya bunge, na karibu kila kiti cha Gusii kilikuwa chake. Aliyeshika cheti cha Ford-People mwaka ule alikuwa amekwisha kufika.

Linganisha na 2022. Viti 13 vya ubunge vya kaunti hizi viligawanywa kwa vyama vitano: ODM vitano, UDA vitano, na Wiper, UPA na Jubilee kimoja kimoja. Kisii ilimpa ugavana Simba Arati wa ODM na uwakilishi wa wanawake Dorice Donya wa Wiper. Nyamira ilimchagua gavana Amos Nyaribo wa UPA, seneta Okong'o Omogeni wa ODM na mwakilishi wa wanawake Jerusha Momanyi wa Jubilee: mpiga kura yuleyule, masanduku matatu, vyama vitatu. Dalili ilionekana mapema, katika uchaguzi mdogo wa Bonchari wa Mei 2021. Pavel Oimeke wa ODM alishinda kwa kura 8,049, na mgombea wa Jubilee na wa UDA wakamfuata kwa karibu hivi kwamba wa kwanza na wa tatu walitengana kwa kura 1,085 tu.

Kwa hiyo chama kikimnyima tiketi mtu anayependwa hapa, hakijamwondoa. Kimemtafutia chama kingine. Katika ngome za chama kimoja mchujo ndio uchaguzi, na Agosti ni sherehe. Gusii mchujo ni mtihani wa chama chenyewe, na matokeo yake husomwa Agosti.

Uchaguzi ujao umewekwa Agosti 10, 2027, na mlango wa wagombea huru utafungwa Mei 10. Atakayetaka kujua mapema nani atapewa cheti katika wadi yake asisubiri mabango ya Aprili. Aangalie sasa ni nani anayelipa vijana wenye madaftari, kisha achukue simu apige *509#. Huenda akakuta jina lake mwenyewe limekwisha kuhesabiwa upande wa mtu fulani.