Sakinisha na Sanidua: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Tarakilishi

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimezipata kwa njia ya tafsiri za makampuni ya tarakilishi, zikiwamo tafsiri za Google, mbili zimeenea upesi bila ya kupimwa vya kutosha: sakinisha, kwa maana ya kuweka programu katika mashine, na sanidua, kwa maana ya kuiondoa. Makala haya yanakusudia kuzipima kwa kazi yenyewe inayotendeka, hasa mtu anapoweka au kuondoa maktaba, yaani yale mafungu ya maagizo ambayo programu nyingi huyatumia kwa shirika. Mifano yetu ni ya Debian na Ubuntu. (Jina hili la pili ni la Kibantu, lenye maana ya utu, ijapokuwa amri zake ni za Kiingereza.)

Kwa upande wa mofolojia, msemaji anayekutana na funga na fungua, au panga na pangua, huona mzizi mmoja na kutambua kwamba tendo la pili linalitangua la kwanza. Sakinisha hutokana na sakini. Sanidua limeundwa kutokana na sanidi kwa kutiwa kiishio cha kutendua. Si jozi. Lakini hilo ni dogo, kwani ingia na toka pia ni mizizi miwili na hakuna anayelalamika.

Kosa kubwa ni la kimaana. Kauli ya kutendua humwahidi msikilizaji kwamba hali itarudi ilivyokuwa. Tuseme mtu ameweka programu ya kuhariri picha, nayo ikaja na maktaba kadhaa inazozitegemea. Akitoa amri ya apt remove, programu huondoka. Maktaba husalia zikingojea apt autoremove, na faili za mipangilio zilizomo katika /etc husalia mpaka itumiwe apt purge. Kinyume chake, akiondoa maktaba moja ambayo programu nyingine zaitegemea, programu hizo huondolewa pamoja nayo.

Hata kuweka kwaweza kuwa kuondoa. Mwaka 2021 Linus Sebastian, Mkanada mtangazaji wa video za tarakilishi, alijaribu kuweka Steam katika Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Kwa hitilafu ya utegemeano wa vifurushi, apt iliorodhesha vitu itakavyoviondoa, yakiwamo mazingira yote ya madirisha, ikamtaka aandike sentensi ya kuiamuru ifanye kama asemavyo. Akaiandika, na madirisha yakatoweka. Yeye alisoma onyo hilo kwa lugha yake mwenyewe. Je, mwanafunzi wetu atakayelisoma kwa Kiswahili cha kubuniwa, ambacho nyumbani hakisemwi, atasalimika vipi?

Huenda mtu akatupinga kwamba chomoa pia ni kauli ya kutendua, na mwiba uliochomolewa huacha tundu. Ni kweli. Lakini tundu la mwiba huonekana na huuma. Maktaba iliyosahauliwa haionekani wala haiumi, hivyo msomaji hana ila neno la kumwongoza.

Kwa maoni yetu, weka na ondoa yanatosha, kwa kuwa ondoa haliahidi kurudisha chochote. Maktaba tusiliguse: programu nyingi husoma nakala ile ile mahali pale pale, kama wasomaji wa vitabu visivyoazimwa. Zile zisizo na programu ya kuzitegemea tunapendekeza ziitwe maktaba yatima, na autoremove iwe ondoa yatima. Kuhusu purge tumesita baina ya futa na ng'oa. Futa limekwisha kushikwa na kazi ya kufuta faili moja moja. Sisi twaelekea kwenye ng'oa, kwani mkulima ang'oapo mhogo hutazamia mizizi ije nao.