Kugawa diski: mafundisho yetu yanaanzia fasi mubaya

Juu mashini zetu za okazyo zinalemewa na Windows, wengi tunatumiana mafundisho ya kuweka Ubuntu kando yake. Nimesoma mengi. Karibu yote yanaanza na kukata: fungua Windows, punguza C, acha gigabaiti 25 wazi, ingiza flashi. Hapo ndipo nayapinga.

Mimi niko agronome, kugawa shamba nakujua. Hauvute mpaka mbele ya kutembea uone nini imepandwa. Windows inaweza kukuambia itaachia gigabaiti 8 tu, na wewe unaona kuko 100 wazi. Kuko mafaili isiyohama katikati, sawa muti wa avoka kwenye mpaka. Fundisho linasema tu "punguza". Halisemi uzime kwanza ile kuwaka kwa haraka ya Windows, yenye kuacha diski nusu usingizi. Halisemi uangalie kama BitLocker imefunga diski, na ile ufunguo ya tarakimu 48 iko wapi. Na mashini ya zamani yenye MBR inakubali partisyo kubwa nne tu. Kama zote nne zimeisha kukamatwa, ya tano hauiumbe.

Ubuntu yenyewe pia niko na neno nayo. Jina lake sisi Wanande tunalisikia bila mwalimu: omundu, mtu. Lakini kwenye kusakinisha, "kando ya Windows" na "futa diski yote" vinakaa jirani kwa ukurasa mmoja. Mwenye kuchoka saa tano usiku anakosea.

Kitu kikubwa, waandishi wao wanafikiri msomaji iko na diski ingine na umeme usiokatika. Mimi nilikuwa na misimu miwili ya vipimo vya maharagwe, kazi yangu ya lisansi, kwenye mashini moja yenye batri imekufa. Kuran ikakatika wakati diski inapunguzwa. Simlaumu mtu, nilikuwa najua batri. Nikarudia kwa kijitabu cha shamba, kurasa zimeshikana na mvua, msimu wa kwanza nikauokoa, wa pili nusu tu.

Nimeandika fundisho upya. Hatua tatu za kwanza hazigusi diski: nakili kazi, jaribu kufungua ile nakala kwa mashini ingine, tafuta batri. Wenye mashini ya MBR, muje Jumamosi tuangalie pamoja. Mulete flashi tupu.